Mlinzi wa Daraja na Hatua Tatu za Jirani Yangu

Kaeni vizuri, mama zangu na wadogo zangu, maana nimeandika na sipendi kurudia. Shule yangu iliishia darasa la nne na mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye majivu. Nikikwama mniache nikwamuke mwenyewe, msinisaidie.

Wengi wakisimama hapa kutoa ushuhuda husema habari za ugonjwa, za njaa, za mume mlevi. Mimi nasimama kusema habari ya gemu. Ndiyo, gemu, ile ya kwenye televisheni ya watoto. Naona mmeanza kutazamana. Chekeni tu, mkimaliza tutaendelea.

Mnajua nimefiwa na mume zamani. Mnajua pia, ingawa hamsemi mbele yangu, kwamba arobaini haijaisha shemeji yangu alikuja na wazee wa ukoo akachukua shamba la chini, lile la migomba karibu na mto. Wakasema mimi ni mwanamke, shamba la juu linanitosha. Nilikaa kimya. Niliwapikia hata chai wakanywa. Lakini ndugu zangu, nawaambia, kuna kimya cha amani na kuna kimya cha jungu lililofunikwa. Mimi changu kilikuwa kinachemka chini kwa chini, miaka na miaka.

Sasa biashara zikafunguliwa. Vitu tulivyokuwa tunavisikia kwa watu wa Nairobi vikawa vinauzwa barabarani. Kiwanda alichokuwa anafanya kazi mwanangu kikafungwa, naye akaanza kwenda Namanga na kurudi, leo redio, kesho pasi. Siku moja akaniletea televisheni ya inchi ishirini na mashine ya gemu, akaviweka kwenye chumba cha mbele tulichokuwa tunawekea mahindi. Akasema, "Mama, wewe kaa mlangoni tu. Watoto watakuja."

Walikuja! Moshono nzima ilikuja. Mimi nikaweka sheria. Mtu haingii bila shikamoo. Miguu inafutwa kwenye gunia. Anayetukana anatoka, hata kama anaongoza mabao matano. Wakawa wananiita Bibi Refa. Walicheza mpira na ngumi, mimi nachambua maharage yangu mlangoni, sina habari nao.

Lakini mjukuu wangu wa kike, wakati huo yuko kidato cha pili, akaokota diski moja ambayo wenzake hawakuitaka. Walisema ina maneno mengi kuliko mapigano. Akawa anaicheza Jumamosi mchana, wengine wakienda mpirani. Maneno yote ni ya Kiingereza, yanapita chini ya picha. Nikamuuliza, "Huyo mzee mwenye koti refu mbona ana huzuni?" Akasema, "Bibi, huyo ndiye adui." Nikasema, "Nisomee anachosema."

Hapo ndipo nilipotumbukia.

Nisikilizeni, maana hadithi yenyewe ni tamu. Kuna mji umekatwa katikati na mto mkubwa. Ng'ambo ya huku ni maskini, ng'ambo ya kule ni mabwana, na katikati kuna daraja moja tu lenye lango la chuma. Homa ikaja upande wa maskini. Dawa iko kule. Baba mmoja akambeba mtoto wake mpaka langoni, akagonga. Mabwana wakaogopa homa, wakafunga. Mtoto akafia mikononi mwa baba yake, mlango unaangaliwa hivi haufunguki. Yule baba hakulia. Alizika, akarudi na watu, akavunja kufuli, akalichukua daraja. Tangu siku hiyo anaitwa Mlinzi, na funguo ziko shingoni mwake. Ukicheza gemu, wewe ndiye msichana mpeleka barua, unatakiwa umpite.

Mimi nilisimama! Maharage yalimwagika. Nikasema, "Ana haki! Huyo ana haki kabisa!"

Watoto wawili waliokuwa wamerudi mpirani wakacheka. "Bibi, huyo adui, bwana."

"Adui wa nani? Mimi amenikosea nini?"

"Bibi kiboko! Anamshabikia adui!"

Nilimshabikia kweli. Kila Jumamosi nilimaliza kazi mapema. Umeme ukikatika, maana mgao ulikuwa haujui Jumamosi wala Jumapili, nilikaa palepale kwenye benchi nikimwambia mjukuu anikumbushe tulipoishia. Mwanzo yule Mlinzi aliwapitisha maskini bure na kuwazuia mabwana peke yao. Nikapiga makofi. Baadaye akaanza kumtoza kila mtu gunia la ngano. Nikasema, askari wake watakula nini? Baadaye akawafukuza wavuvi chini ya daraja. Nikasema, labda walikuwa wapelelezi. Na kila alipoulizwa, jibu lake lilikuwa moja: "Waliponifungia mimi, nani alifungua?"

Neno hilo lilinikaa. Nikilisha ng'ombe, nalisema. Nikipalilia, nalisema. Waliponifungia mimi, nani alifungua? Kila nikilisema nilimwona shemeji yangu akinywa chai yangu.

Sasa ngojeni niwape dhambi yenyewe.

Mwanangu akapata mteja wa kiwanja, mtu wa mjini mwenye gari, anataka kujenga nyuma ya nyumba yangu. Akaja akapima kwa macho, akasema, "Mama, pazuri, lakini gari halipiti. Ukinipa njia, nanunua." Njia haikuwepo. Kati ya ukuta wangu na mpaka wa jirani palikuwa na nafasi ya mkokoteni tu. Zilipungua hatua tatu.

Huyo jirani ni mjane kama mimi. Mpaka wetu ulikuwa wa masale, waume zetu waliupanda pamoja siku moja, wakanywa pombe ya mbege chini yake. Ninyi wa mlimani hamna haja ya kuelezwa, lakini tuna wageni hapa. Isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani. Kwetu mpaka ni isale. Ukikata kijiti chake ukakichomeka wakati wa mvua kinashika, na baada ya miezi michache hakuna wa kusema hakikuwa pale.

Jirani alikuwa amesafiri kwenda Karatu. Binti yake alikuwa amejifungua pacha, akaenda kumlea. Miezi miwili. Mvua zikaanza. Asubuhi moja, jua linawaka, nikachukua jembe. Sikujificha! Mtu akipita barabarani alisema, "Pole na kazi, mama," nami nikajibu, "Nimeshapoa." Nikayang'oa masale tisa, nikayahamisha hatua tatu ndani kwake. Tena kulikuwa na moja limekaa peke yake, ndani zaidi, chini yake pamefagiliwa. Nikajiuliza hili nalo limetoka wapi. Lakini lilikuwa palepale gurudumu litakapopita. Nikaling'oa, nikalitupa kwenye samadi nyuma ya zizi. Nikanawa mikono. Nikanywa uji.

Mkitaka kujua nilijisikiaje, nilijisikia vizuri! Mama zangu, sitawadanganya mbele ya Mungu. Nilikuwa mwepesi kama msichana. Nilitembea kwenye ile njia mpya kwenda na kurudi.

Jirani akarudi. Kitu cha kwanza, kabla hajafungua hata nyumba yake, alikuja kwangu na vitunguu. Vile vya Karatu, vyekundu, vikubwa, amevisuka kwenye mkufu. "Nimekuletea, maana vya hapa unavilalamikia." Tukakaa, tukacheka habari za pacha. Akaondoka kwa njia ya shamba. Nikamwona amesimama. Akasimama kwa muda mrefu.

Kesho yake akaja na balozi wa nyumba kumi. Balozi akauliza, "Mama, mpaka huu umesogea?"

Nikasema, "Mpaka uko pale pale. Huyu macho yamechoka na safari."

"Una uhakika?"

"Balozi, mimi mtu mzima. Unataka niape?"

Na nikaapa. Waume wote wawili wako kaburini, shahidi hakuna. Jirani hakubishana. Alitazama chini pale kwenye njia yangu mpya, akatazama huku na huku kama mtu aliyedondosha sindano, akasema, "Sawa." Akaenda.

Vitunguu vyake nilivikaanga nikavila. Vilikuwa vitamu.

Jumamosi iliyofuata tukawasha gemu. Mjukuu wangu alikuwa amefika mbali. Kwenye picha akatokea mama mmoja, si bwana, si tajiri, kavaa matambara, mgongoni ana mtoto mwenye homa. Safari hii homa imehamia ng'ambo ya kule, na dawa iko huku kwetu. Yule mama anagonga lango. Mlinzi amesimama juu na funguo zake shingoni. Nikasema kwa sauti, "Sasa mtaona! Huyu atamfungulia, maana anajua uchungu."

Hakufungua.

Akasema neno lake lile lile. Waliponifungia mimi, nani alifungua?

Nikaanza kumtetea, kwa mazoea. "Alifanyiwa na yeye..."

Mjukuu wangu akaweka pedi ya kuchezea chini. Huyu mtoto hanijibu vibaya hata siku moja. Akasema taratibu, "Bibi, lakini yule mama alimkosea nini?"

Nikamwambia azime, umeme utakuja kuunguza mashine. Umeme ulikuwa mzuri kabisa.

Msifikiri nilitubu siku hiyo. Mimi ni mgumu. Jumapili nilikuja ibadani, nikaimba, nikatoa sadaka, nikakaa benchi moja na jirani yangu na nafasi ya watu wanne katikati. Jumatatu asubuhi natoka na ndoo ya maziwa, namwona amepiga magoti kwenye njia yangu. Anachimba udongo kwa vidole. Mama mtu mzima, kanga imelowa matope.

Nikamfokea. "Unatafuta nini kwenye shamba langu?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Ya mpaka chukua. Njia chukua. Natafuta isale la mwanangu."

Nikasema, "Mwanao yupi? Wanao wote wazima."

"Wa kwanza. Alikaa siku mbili. Wewe ulikuwa hujaolewa huku."

Ndugu zangu, nawaambia, ndoo iliniponyoka. Wa mlimani mnajua. Kichanga cha siku mbili hakikaliwi matanga, hakitajwi, mama anaambiwa funga mkanda upate mwingine. Anazikwa pembeni ya boma na kinachopandwa juu yake ni isale. Hakuna jiwe, hakuna msalaba. Isale tu. Mpaka ni isale na kaburi ni isale, na mimi, mtu niliyezaliwa kati ya masale, nililiona limesimama peke yake, pamefagiliwa chini yake, sikujiuliza nani anafagia. Miaka yote thelathini na kitu alikuwa anafagia.

Nikamwona yule mama wa langoni. Halafu nikaona funguo ziko shingoni mwa nani.

Nilikimbia! Mimi huyu mwenye magoti haya, nilikimbia mpaka nyuma ya zizi. Nikaingia kwenye samadi kwa mikono. Nikamwita mjukuu wangu, alikuwa anavaa sare ya shule. "Njoo! Shule utachelewa, njoo!" Akaja, hakuuliza, akakunja mikono ya blauzi. Tulifukua ile ya juu, tukafukua ya katikati, mvuke unatoka, tunatoa majani ya migomba, mabua, mifupa aliyoifukia mbwa. Nilikuwa naomba kwa sauti na ninagombana na Mungu kwa sauti. Wiki tisa lilikuwa chini ya samadi! Mjukuu akasema, "Bibi, hili hapa," nikaona kijiti cheusi, kimeoza upande mmoja, nikalia. Akakigeuza. "Bibi, usilie, angalia." Ubavuni kilikuwa na kichipukizi. Kidogo kama jino la mtoto. Cheupe, ncha yake kijani.

Haleluya, mama zangu! Isale halifi kirahisi!

Lakini kusamehewa si kama kuchipua. Jirani alikichukua kile kijiti kwa mikono miwili, akaingia nacho ndani, akafunga mlango.

Siku ya pili nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa, nikamwomba mama mmoja wa kikundi hiki anisindikize. Kwa desturi, ukiletewa isale la kuomba msamaha hukatai. Hata kama ni damu imemwagika, hukatai. Lakini hakuna desturi inayosema ulipokee ukicheka. Alilipokea, akaliweka mezani, akanitazama usoni. Akasema, "Isale nimelipokea. Wewe bado."

Nikasema, "Nifanye nini, mama?"

"Uliapa mbele ya balozi kwamba macho yangu ni mabovu. Watoto wanaokuja kwenye televisheni yako wameanza kuniita bibi kipofu. Wewe unajua pa kuanzia."

Nikaanzia hapo. Nikamwita balozi, nikamwambia kwa kinywa changu: niliapa uongo. Alinitazama akasema, "Mama, hata wewe?" Maneno hayo yaliniuma kuliko faini. Halafu Jumamosi, chumba kimejaa, nikasimama mbele ya televisheni nikawazuia kuona. Nikawaambia watoto, "Bibi jirani haoni vibaya. Mimi ndiye mwizi." Mmoja, mwenye mdomo, akauliza, "Bibi Refa, sasa unajitoa kwa kadi nyekundu?" Nikamwambia, "Ndiyo." Nikatoka nje ya mlango wangu mwenyewe, nikakaa kwenye jiwe mpaka walipomaliza.

Njia ikafa. Mteja akaenda kununua kiwanja kule Terrat. Mwanangu alikuja amevimba. "Mama, umeniua. Nilikuwa nifungue duka mjini."

"Hujafa. Duka lako lilikuwa juu ya kaburi la mtoto."

"Mimi nilijuaje?"

"Hukujua. Na mimi sikuuliza. Ndiyo maana kosa ni langu na hasara tutagawana."

Hakukubali kugawana. Alibeba televisheni, akabeba mashine, na msimu mzima wa mahindi hakunikanyagia nyumba. Iliniuma. Mimi ni mama. Lakini siku moja kabla hajavichukua, mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, tumalize ile hadithi?" Tukakaa. Mwisho wake, msichana wa barua anampata Mlinzi peke yake juu ya daraja, na mashine inakuuliza ufanye nini. Mjukuu akanitazama. Mwanzoni ningesema muache, ana haki. Watoto siku zote walisema mpige, ni adui. Nikasema, "Usimpige. Ameumizwa huyo, na mimi namhurumia mpaka kesho. Lakini mvue funguo." Kumbe ilikuwa inawezekana! Msichana akamshika mkono, akamvua funguo, lango likafunguka, yule mzee akaanguka chini akilia kilio alichokuwa nacho tangu siku ya kuzika. Sisi wawili tulilia naye kwenye benchi.

Hilo ndilo nawaachia. Wengi humu tumefungiwa malango. Wapo walionyang'anywa mashamba na mashemeji, wapo walioachwa na watoto mgongoni. Uchungu wako ni wa kweli, asikuambie mtu usilie. Ila ujichunguze unapoanza kuutumia kama kibali. Mimi sikuanza kwa kuiba. Nilianza kwa kupiga makofi, halafu nikawa natoa sababu, halafu nikaapa. Na aliyelipa si shemeji yangu. Shemeji anakula ndizi zake mpaka leo. Aliyelipa ni mama aliyeniletea vitunguu. Ukiona hasira yako inamgonga mtu ambaye hakuwepo siku ulipoumizwa, muombe mtu unayempenda akuvue funguo.

Namshukuru Mungu aliyekificha kichipukizi kwenye samadi. Namshukuru mjukuu wangu kwa swali moja alilouliza kwa adabu. Namshukuru balozi ambaye hakunitangaza, na mama aliyenisindikiza, anajijua, alikaa nami mpaka mwisho. Mwanangu namshukuru pia, amesharudi, Jumapili alikula loshoro ya mahindi na maziwa mgando kwangu sahani mbili bila kusema neno, na kwa mwanangu hiyo ni hotuba.

Na jirani yangu. Masale tisa tuliyarudisha pamoja, yeye akishika, mimi nikishindilia. La kumi alilipanda peke yake, akanikataza kusogea. Misimu miwili ya mvua ikapita. Asubuhi moja akaniita kwa ukali kama ananidai, akanipa ufagio. Nikafagia. Yeye amesimama, amefunga mikono. Nilipomaliza akasema, kichanga wake alikuwa na jina. Alimpa mwenyewe, siku ile ya pili, hakumwambia mume wala mama mkwe wala mchungaji. Akaniambia.

Nimekuja hapa kuungama kila kitu, mama zangu. Lakini jina hilo msiniulize.